Mbegu yenye kofia nyekundu

Siku ya kumi na sita leo. Nimeamka kabla ya alfajiri, nikatoka kibarazani na tochi ya simu, na udongo kwenye kopo la rangi umepasuka. Si sana, ufa tu wa upana wa kucha. Nimechuchumaa pale mpaka chai ikapoa.

Ni mbambakofi. Ami alinipa mbegu nane alipotoka Kwale, zikiwa bado ndani ya ganda lake gumu kama ubao. Ukilibandua, kila mbegu imelala kwenye chumba chake: nyeusi, yang'aa, na kichwani ina kofia nyekundu ya machungwa. Wengine huzitunga shanga. Mimi nilizitaka kwa sababu ya mlango wa mbambakofi wa bibi kule Mji wa Kale, ambao mfaa wake, ule ubao wa katikati, hata mchwa hawajathubutu kuugusa, na nikajua kwamba sijawahi kuuona mti wenyewe ukiwa mchanga.

Masika ya mwaka jana nilifukia nne na kuzimwagilia kama mchicha. Wiki sita, kimya. Nilipofukua, mbili zilikuwa vilevile, moja imeoza, ya nne haipo. Namshuku panya, ile kofia ndiyo wanyama wanayoitamani. Nililaumu udongo wetu wa matumbawe, lakini hiyo ni singizio. Kule Bamburi walianza kupanda mivinje kwenye machimbo matupu ya saruji mwaka 1971, ikaota juu ya jiwe.

Kosa lilikuwa langu. Gamba la mbegu hii halipitishi maji. Kwa hiyo safari hii nilinunua msasa wa shilingi chache, nikasugua upande wa chini, mbali na kofia, maana kiini kiko karibu na kofia. Nilisugua hadi weusi ukaisha na weupe ukachungulia, vidole vikawaka moto. Nikaziloweka usiku kucha kwenye kikombe. Asubuhi tatu zilikuwa zimevimba, karibu mara mbili. Ya nne ilibaki ileile, nikairudisha kwenye msasa kama mtoto aliyefeli mtihani.

Nilimpigia ami kumpa habari. Akacheka mpaka akakohoa.

"Na utaupanda wapi mwanangu, ghorofa ya tatu? Kwenye ngazi?"

Sikuwa na jibu. Nyumba ni ya kupanga, na mti huu unataka uwanja. Tena mzizi wake mkuu hushuka chini upesi kabla majani hayajakuwa na maana, na ukikatika wakati wa kuhamisha, basi tena.

Mchana nimeshuka kwa fundi bomba wa mtaani. Amenikatia kipande cha bomba la inchi sita, urefu wa mkono, nikakiziba chini kwa gunia. Hakuuliza cha nini. Kimesimama sasa kibarazani, kitupu, kando ya kopo.