Barua ya mwajiri
Nimetoka kumwandikisha binti yangu kituo cha serikali cha kulelea watoto. Fomu inadai barua ya mwajiri yenye mhuri. Jamani, kituo nakitafuta ndiyo nipate kutoka nikatafute kazi! Karani kanigongea kidole palipo wazi: "Mama, bila mhuri mfumo haupokei."

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 18, unazitaka serikali zihakikishe watoto wa wazazi wanaofanya kazi wananufaika na huduma za malezi. Sisi tusio na kazi je? (Shule ya awali ni bure, ila saa sita mchana imefungwa.)

Dada mmoja kwenye foleni, fundi cherehani, kajiandikia barua mwenyewe, mhuri kaazima kwa shemeji. Kapokelewa.