James Arness na mguu alioficha kwa miaka 20

Nimekulia Kibokoni, Mombasa, katika nyumba ambayo mjomba wangu ndiye aliyekuwa na mashine ya video, na kila Ijumaa baada ya isha alikuwa akirudi na kanda za kukodi za picha za kauboi. Alichokipenda kuliko vyote ni Gunsmoke, kipindi cha televisheni cha Marekani, na mtu aliyemtazama humo alikuwa mmoja tu: James Arness, aliyeigiza Matt Dillon, mlinzi wa sheria katika mji wa Dodge City, Kansas. Mjomba alikuwa kuli wa bandarini Kilindini hadi alipovunjika mguu kazini, na tangu hapo alikuwa akichechemea.

Arness alizaliwa Minneapolis, Marekani, tarehe 26 Mei 1923, na kimo chake kilikuwa takriban mita 2. Urefu huo ulimtanguliza katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa maana jeshi la Marekani lilipotua Anzio, Italia, mwaka 1944, yeye ndiye aliyeambiwa ashuke kwanza ili wenzake waone maji yana kina gani. Hakukaa sana huko kabla ya risasi kumvunja mguu wa kulia. Alilazwa muda mrefu, akapasuliwa mara kadhaa, na maumivu ya mguu ule hayakumwacha maishani.

Baada ya vita aliigiza katika filamu kadhaa, nyingine akiwa pamoja na John Wayne, nyota wa picha za kauboi, na Wayne huyo huyo ndiye aliyejitokeza kuitambulisha sehemu ya kwanza ya Gunsmoke tarehe 10 Septemba 1955. Kipindi kilidumu hadi mwaka 1975 na kufikisha sehemu 635, na Arness akabaki Matt Dillon tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili. Katika miaka ya mwanzo msaidizi wa Dillon alikuwa Chester, mtu mwenye mguu mkavu usiokunjika, aliyeigizwa na Dennis Weaver. Weaver alikuwa mzima kabisa wa viungo, na mwaka 1959 alipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa uigizaji ule. Arness, aliyesimama pembeni yake akiumwa kikweli na kujitahidi asionekane akichechemea, alipendekezwa kwa tuzo hiyo mara tatu na hakuipata hata mara moja. Simnyimi Weaver haki yake, maana alistahili, lakini naamini kazi ngumu zaidi ilikuwa ile isiyoonekana. Waswahili tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Arness aliyaficha yake mbele ya mamilioni ya watazamaji, na wengi wao hawakujua kamwe.

Mjomba alijua, ingawa hakuwa amesoma popote habari za Anzio. Mpanda farasi hushukia upande wa kushoto, akauzungusha mguu wa kulia juu ya mgongo wa mnyama, na mguu huo ndio unaogusa ardhi kwanza na kupokea uzito wote. Mjomba alikuwa akirudisha kanda nyuma hapo, mara mbili au tatu, na kuniambia, “Tazama anavyokanyaga, mwanangu. Mguu ule una jambo.” Mimi sikuona kitu. Nilianza kuona baadaye, tulipokuwa tukiteremka pamoja kwenda kwenye feri ya Likoni, ambapo yeye hushika chuma cha pembeni, hukaza taya, kisha hutua mguu mbovu taratibu huku akiendelea na mazungumzo kana kwamba hakuna lililotokea.

Arness alirudi kuwa Dillon katika filamu tano za televisheni kati ya mwaka 1987 na 1994, akiwa mzee mwenye mvi na bado juu ya farasi. Alifariki tarehe 3 Juni 2011, akiwa na umri wa miaka 88. Nilimpelekea mjomba habari hizo siku ya pili yake. Alinyamaza kidogo, akaniuliza ni mguu gani hasa uliopigwa risasi, nami nikamjibu kuwa ni wa kulia. Akatikisa kichwa polepole, akiwa ameweka mkono juu ya goti lake.