Demani Haifungwi: Siku Moja Maishani Mwangu, Msimu wa Kusi

Saa kumi usiku. Adhana bado, lakini minazi imeshaniamsha. Nikiwa bado kitandani nasikiliza makuti ya banda la jikoni. Yakipiga kwa kupumzika, tunatoka. Yakipiga mfululizo, naswali kisha narudi kulala. Leo yanapumzika. Na tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa jana usiku halikuwa na onyo. Likitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ngalawa yangu haitoki Jambiani, kijiji chetu cha pwani ya mashariki ya Unguja, hata kama ndani hamna unga.

Saa kumi na moja alfajiri. Mpwa wangu ameshafika pwani, amejaza mchanga viroba viwili vya farumi, uzito wa kutuliza chombo.

"Shikamoo mjomba. Leo tanga lipi?"

"Marahaba. Dogo."

Akalitazama lile kubwa kwa hamu. Wenzake hutoka na makubwa hata mwezi wa Julai, na kweli wanatupita mbio. Ana miaka 19, inamuuma. Lakini upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake kwenye tanga inazidi mara nne. Ukitoka kilomita 20 ukafika 40, mlingoti ni uleule, kamba ni zilezile, mzigo ndio umekuwa mara nne. Mtu asiyelijua hilo hudhani upepo umeongezeka kidogo tu.

Jaketi la kuokolea halina mjadala, tunavaa wote wawili. Nilinunua baada ya meli ya abiria MV Skagit kuzama karibu na kisiwa cha Chumbe, tarehe 18 Julai 2012, msimu huuhuu wa kusi, upepo utokao kusini. Kama meli ile bahari iliishinda, gogo langu la mwembe lenye mirengu miwili, miti ya kuliegemeza pembeni, ni kitu gani?

Saa kumi na mbili kasoro. Ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Maji yalijaa kwenye saa kumi na sasa yanatoka, kwa hiyo tunakimbilia mlango wa mwamba, pengo la kutokea bahari kuu, mapema. Mkondo wa kupwa ukishashika kasi, unatoka mlangoni na kupambana na mawimbi yanayosukumwa na kusi. Hapo wimbi husimama wima, na la pili liko nyuma yake papo hapo. Ngalawa haijamaliza kushuka inatakiwa ipande tena. Tumepita maji yakiwa bado yana adabu.

Nje tukabisha, yaani tukaukata upepo huku na huku, hadi mwamba ukawa mbali nyuma yetu, tukashusha mishipi. Changu saba na chewa mmoja mnene. Hayo yalikwenda vizuri, sina la kusimulia.

Saa tatu asubuhi. Dharuba niliiona kwanza kwenye maji. Upande wa kusini bahari ilipiga weusi, kama mtu amemwaga wino, na weusi ule ulikuwa unakuja. Nikamwambia, "Panda mrengu." Akatoka mpaka mwisho wa mrengu wa joshini, upande upepo unakotoka, miguu majini, farumi imeshavutwa upande wake.

Dharuba ikatupiga.

Nieleze hapa jinsi ninavyoshika demani, kamba ya kuongozea tanga, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Naizungusha mara moja tu kwenye mti, ncha inabaki mkononi. Siifungi. Mzunguko ule mmoja unanipunguzia uzito, lakini nikilegeza vidole kamba inakimbia na tanga linamwaga upepo wote. Ukiifunga, lazima uifungue, na dharuba haikupi muda huo. Nilipokuwa na umri wa huyu kijana niliifunga ili nikunje mshipi. Ndubi, ubao wa kuelea mwishoni mwa mrengu, ile ya demanini, upande upepo unakoelekea, ikazama, ikachimba maji, na kabla sijageuza shingo ngalawa ilikuwa imelala na tanga liko chini. Tulining'inia kwenye gogo, mimi na ndugu yangu, mpaka mzee mmoja wa kijijini akatufikia. Hakutugombeza. Alituuliza tu, "Demani ilikuwa wapi?" Mpaka leo nikilikumbuka swali lile natazama mkono wangu.

Basi leo nikaiachia. Kamba ikapita kiganjani ikachukua ngozi. Tanga likapigapiga kwa kishindo, ngalawa ikainuka. Nikavuta kidogo, ikatembea. Nikaachia tena.

Kwa nini nisitue tanga kabisa? Kwa sababu demanini kwetu kulikuwa na mwamba. Pwani ya mashariki kusi linakusukumia nchi kavu, na ngalawa isiyo na tanga inakwenda moja kwa moja kwenye povu. Ilibidi tuendelee kwenda, polepole, kwa kulisha tanga upepo kijiko kijiko.

Katikati ya hayo kijana akapiga kelele: "Mjomba, kamba ya mrengu!" Fungo la ndubi lilikuwa linacheza. Sikumwambia kitu. Akajilaza kifudifudi, wimbi likimfunika mpaka mabegani, akaongeza mizunguko ya kamba na kuikaza kwa meno. Aliporudi akaanza kufua maji yaliyoingia chomboni kwa kipande cha dumu bila kuagizwa. Nilijivunia sana, na nilimwambia hapohapo, upepo ukipiga.

Saa sita na nusu. Dharuba ilishapita lakini upepo ulibaki na nguvu. Tulisubiri maji yaanze kuingia ndipo tukaelekea mlangoni, mkondo na upepo sasa vikienda njia moja, mawimbi yamelala kidogo. Upepo wa tezi, yaani wa nyuma ya chombo, una raha na una hila: wimbi likiinua tezi, chombo kinataka kugeuka ubavu. Usukani niliushika kwa mikono miwili, demani nikampa yeye. Hakuifunga.

Ndani ya mwamba akina mama wa mwani walikuwa wakitoka na viroba kichwani, maji yakiwafika magotini. Mke wangu akaniona mkono, akasema, "Njoo nyumbani uoshwe," basi.

Saa kumi jioni. Samaki wameuzwa, chewa tumebaki naye. Mkono umefungwa kitambaa. Ngalawa iko juu, imelala kwenye mchanga.

Saa moja usiku. Redio imetaja kilomita 40. Kesho hatutoki. Nimekwenda pwani na tochi, nikamkuta kijana ameshafungua kamba zote kuukuu za ndubi na anafunga mpya. Nikavuta fungo la kwanza, likakaa. La pili likasogea kidogo, kama upana wa kucha. Hakungoja niseme. Alilifungua lote, akalowesha kamba, akaanza upya.