Samaki wa Julai, Kyoto

Julai 2018 Kyoto iliwaka. Siku baada ya siku joto lilipita nyuzi 38, na mwanzoni mwa mwezi huohuo mvua kubwa zilikuwa zimeipiga Japani ya magharibi, zikaporomosha milima na kuua watu zaidi ya 200. Kwa hiyo Mwalimu aliponipigia simu kunikumbusha kwamba tuna nafasi mgahawani jioni ya tarehe 16, nilimuuliza kama si vizuri tuahirishe.

"Hamo hamngoji mtu, mwanangu," alinijibu, akimaanisha samaki wa msimu huo.

Mwalimu ni mama wa Kijapani aliyefundisha hesabu katika sekondari moja ya mkoa wa Tanga alipokuwa msichana, akiwa amekuja kujitolea. Nilipofika Kyoto kusoma, akasikia kwamba nimezaliwa Pangani, alinichukua kama mwanawe. Namwamkia shikamoo, naye ananiitikia marahaba kwa sauti, hata tukiwa ndani ya basi lililojaa watu.

Ulikuwa usiku wa kuamkia maandamano makubwa ya Gion, sherehe iliyoanza mwaka 869 watu wakiomba maradhi ya mlipuko yaondoke mjini. Barabara za katikati zilifungwa magari. Yale majukwaa marefu ya mbao yatakayovutwa kesho yake yalikuwa yamesimama, yamening'inizwa taa za karatasi, na juu yake watu wanapiga kengele, ngoma na filimbi. Tukajipenyeza hadi kwenye uchochoro, tukaingia katika nyumba ya zamani ya mbao, nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma. Kaunta moja, viti vichache, na mpishi mbele ya macho yetu.

Mpishi yule alijifunza kazi Lyon, Ufaransa, mji wa Paul Bocuse, mpishi mashuhuri aliyefariki Januari ya mwaka uleule. Alituambia kwamba Bocuse mwenyewe aliwahi kualikwa na Shizuo Tsuji kufundisha katika shule yake ya upishi Osaka, na kwamba kwake yeye Ufaransa na Japani zilishakutana jikoni zamani. Hakutaka kulizungumza zaidi. Alitupa karatasi ya chakula cha usiku ule. Haikuwa na jina hata moja la pishi, ila majina ya vitu tu: hamo, biringanya la Kamo, ng'ombe, pichi nyeupe. Katikati mstari mmoja ulikuwa umeongezwa kwa kalamu ya wino: ayu.

Kwanza alikuja hamo. Ni samaki wa jamii ya mikunga, mrefu, mwenye meno makali, na nyama yake imejaa miiba membamba isiyoweza kuchomolewa. Kyoto haina bahari, na zamani, kabla ya majokofu, huyu ndiye aliyefika hai kutoka Osaka na kisiwa cha Awaji katikati ya joto, kwa kuwa ana roho ya paka. Ndiyo maana wenyeji wengine huita sherehe ya Gion sikukuu ya hamo.

Mpishi alimlaza kwenye ubao, ngozi chini, akashika kisu kizito na kuanza kukata. Hakatizi. Anashusha kisu hadi kwenye ngozi bila kuitoboa, anasogea kidogo sana, anashusha tena, na kwa kila mkato unasikia miiba ikikatika: shari, shari, shari. Kipimo cha mafundi wa zamani ni mikato 24 katika sentimita tatu tu. Nyama ile ikipata moto, mikato inafunguka na kuchanua, na mwiba hausikiki tena mdomoni.

Kwa kawaida hamo huchovywa maji ya moto, akapozwa kwenye barafu na kuliwa na rojo ya ume, lile tunda chachu linalohifadhiwa kwa chumvi. Huyu alimbabua upande wa ngozi juu ya mkaa, akammiminia mchuzi wa siagi ambao Wafaransa wa Nantes huuita beurre blanc, ila mahali pa siki alitia ume, na juu akanyunyiza mbegu mbichi za sansho zinazotia ganzi ulimi. Siagi ilikuja kwanza, nzito na tamu, kisha ule uchachu ukaikata. Mwalimu alitafuna kimya, akaweka uma chini.

"Ni mzuri," alisema. "Lakini mama yangu asingeikubali siagi hii."

Ndipo tukamuuliza mpishi kuhusu ule mstari wa kalamu. Alijifuta mikono, akasogea karibu.

Ayu ni samaki wa mwaka mmoja. Huzaliwa mtoni majira ya kupukutika majani, huchukuliwa na maji hadi baharini, hurudi mtoni masika, kisha hukaa kiangazi kizima akikwangua mwani kwenye mawe. Husemwa kwamba mwani huo ndio unaompa harufu ya tango na tikitimaji. Akishataga, anakufa. Sasa mvua zile zilikuwa zimesomba mwani wote, mawe yakabaki meupe, mito ikawa matope, na wavuvi wakakaa nyumbani. Tangu mafuriko mpishi hakuwa amepata hata ayu mmoja aliyemridhisha. Wa kufugwa walikuwepo sokoni, alikataa kuwanunua. Asubuhi ile mvuvi mmoja akampigia kwamba kijito kimoja cha juu milimani kimesafika mapema na mwani umeanza kuota. Mpishi akachukua kalamu.

Nilimwelewa sana. Pangani upepo wa kusi ukikaza, ngalawa hubaki pwani, na mama mwenye akili hapangi kupika nguru siku hizo. Lakini huku nilimwona mtu anayelipwa pesa nyingi na wageni waliotoka mbali, naye amekubali kwamba kama mto haujawa tayari, sahani hiyo haipo. Nadhani ule ndio ujasiri mkubwa wa upishi niliowahi kuuona, kuliko ufundi wowote wa kisu.

Ayu aliletwa mzima, kichwa na mkia, amezungushiwa manda nyembamba na kukaangwa akiwa amejipinda kana kwamba bado anapandisha mto. Miiba ilikuwa imetolewa, lakini matumbo yalibaki, kwa kuwa uchungu wa ayu ndio utamu wake. Pembeni palikuwa na mchuzi wa maini ya ayu haohao uliolainishwa kwa siagi kidogo, majani makali ya tade yaliyosagwa, na vipande vya tango. Manda ilivunjika, mvuke ukatoka na harufu ya tikitimaji, harufu ambayo hungeitegemea kabisa kwa samaki. Kisha ukaja uchungu, safi, wa majani, ukakaa ulimini muda mrefu. Nilikunywa chai baridi ya Uji, mji jirani na Kyoto, ili niuanze upya.

Biringanya la Kamo, la duara na zito mkononi, lilichomwa likawa laini kama uji wa watoto ndani ya ngozi yake. Ng'ombe alikuwa mzuri, nami sina zaidi la kumsema. Pichi ilikuja mbichi, imemenywa tu, na barafu ya majani ya shiso. Hapo Ufaransa ilikaa pembeni kabisa.

Tulitoka tukatembea kati ya taa na kengele hadi kituoni, tukibishana njia nzima. Mwalimu alishikilia kwamba hamo ndiye mwenye usiku, kwa kuwa Julai ni yake na Gion ni yake. Mimi nilimpa ayu, na leo hii bado nampa ayu: hamo alikuwa na uhakika wa kuja, ayu hakuwa nao.

"Basi mwakani tutakuja tena," alisema Mwalimu, "nawe utaniambia kama umebadili mawazo."

Sijabadili.