Honda yangu nyuma ya motahomu ya shemeji

Shemeji aliponunua ile motahomu dada yangu alifurahia kitu kimoja tu, choo. Safari za Minneapolis kwenda Dallas na watoto wanaopokezana kubanwa na mkojo zilikuwa zimemchosha, sasa ukiwa na basi lako lenye kitanda, jiko na choo humo humo unashuka tu na barabara kuu ya I-35 mpaka Dallas. Ilikuwa 2019, kuna harusi ya mtoto wa mama mdogo kule Dallas, tukasema twende wote. Ila ukishalipaki hilo dude utaenda nalo saluni? Utaenda nalo sokoni kununua mchele? Futi 34 bwana. Kwa hiyo lazima tuvute gari ndogo nyuma, na ubishi ukaanzia hapo.

Shemeji ni dereva wa malori tangu zamani, alianza na semi za Dar–Tunduma, na hapa Marekani anavuta trela la futi 53 kila siku ya Mungu. Kwake hakukuwa na mjadala: tunakodi trela, gari inapanda juu, inafungwa mikanda, kwisha habari. Mi nikamwambia watu wengi huku wanavuta gari ikiwa chini kwa matairi yake yote manne, unafunga chuma mbele ya gari, unaiunga na basi, inafuata. Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Shem, hiyo si ni gari mbovu inapelekwa gereji?" Dada naye akacheka, maana kwetu ukiona gari inavutwa na nyingine unajua imekufa, mwenye nayo kashika usukani huko nyuma anatoa macho, kamba inakatika kila kona.

Mi sikuwa napiga stori tu, gari iliyokuwa inatazamwa ni yangu, Honda CR-V ya 2013. Nyingine ilikuwa Toyota Sienna ya dada na hiyo ndiyo aliyokuwa anaitaka kwa sababu inabeba watoto wote. Nikachukua kitabu cha Sienna, kipo kwenye droo ya gari tangu ainunue hakuna aliyewahi kukifungua, kinasema wazi isivutwe ikiwa matairi manne chini. Sababu ni giaboksi. Oto nyingi pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini, sasa injini ikizimwa matairi yanazungusha gia huko ndani bila mafuta kufika, unaenda maili mia kadhaa unashuka unakuta umeua giaboksi na hujaendesha hata dakika moja. Gari kama Jeep Wrangler haina shida hiyo, unaweka transfakesi, ile inayogawa nguvu matairi ya mbele na ya nyuma, kwenye nyutro basi. CR-V za miaka ile Honda wenyewe walikuwa wanaruhusu, 2014 ndio mwisho, 2015 walipoleta giaboksi ya CVT, ile ya mkanda badala ya gia, wakaacha kuruhusu. Yangu ikawa imeponea hapo.

Shemeji akasema sawa, lakini trela inabeba gari yoyote, haijali giaboksi, haili matairi yako, halafu mimi najua kurudi rivasi. Na kweli, hiyo hoja ya rivasi ina nguvu kuliko watu wanavyodhani, ukivuta gari ikiwa chini huwezi kurudi nyuma, futi chache tu matairi ya mbele yanajikata pembeni na unavunja vitu. Na bei pia ilikuwa upande wake. Kukodi trela kwa safari moja ni dola mia kadhaa, wakati fundi alinipigia hesabu ya chuma cha kuvutia, beisipleti ya kufunga nyuma ya bampa, nyaya za taa na breki ya ziada, jumla inapita dola 3,000. Kwa safari moja tu mi mwenyewe ningekodi trela, sitabisha. Ila shemeji alikuwa ameshatangaza kwamba kila likizo ni motahomu.

Kilichomaliza ubishi ni mizani. Huyu mtu kapita Kibaha na Mikese miaka na miaka, mizani anaiheshimu kuliko askari. Jumamosi moja tukajaza basi kama tunasafiri kweli, maji tangi zima, mafuta, mabegi, masufuria ya dada ambayo peke yake yangestahili lori, tukaenda kupima kwenye mizani ya madereva wa malori. Ikasoma pauni 20,700. Kibandiko ukutani karibu na kiti cha dereva kinasema basi na kinachovutwa vyote kwa pamoja visizidi 26,000, na kile kiungio cha nyuma chenyewe mwisho wake 5,000. Honda yangu na vikorokoro ni kama 3,500. Trela tuliyoiulizia ikiwa tupu ni 2,200. Jumlisha, 5,700, kiungio kimeshapitwa. Na Sienna ndio usiseme. Shemeji alikaa na ile risiti mkononi akaisoma tena upande wa nyuma ambako hakuna kitu, kisha akasema, "Haya, chukua vipimo vya Honda." Dada akauliza na Sienna je, hakuna aliyemjibu.

Fundi alitoa bampa yote nikahisi kichefuchefu. Breki ni kisanduku unakiweka chini mbele ya kiti cha dereva, basi likipunguza mwendo chenyewe kinakanyaga pedali, na kuna waya mwembamba ambao Honda ikichomoka unavutika na kuifunga breki hapo hapo. Shemeji alitaka tuuache huo waya kwa sababu "haitachomoka." Nikamwambia gari ni yangu.

Kuondoka kukawa na ibada yake. Unawasha Honda, unapitisha gia, unaweka D kidogo, unarudisha N, unaiacha injini ingurume dakika 3 mafuta yazunguke, unazima, ufunguo unabaki kwenye nafasi ya kwanza ili usukani usijifunge. Mwendo usizidi maili 65, na ukivuta zaidi ya saa 8 kwa siku unarudia yote. Watoto walijifunza kuhesabu hizo dakika kwa sauti mpaka dada akakasirika.

Sasa Iowa. Shemeji kwa mazoea akaingia upande wa malori, pampu zote dizeli, na basi letu ni V10 ya petroli. Akazunguka akaja upande wa gari ndogo, akachagua pampu iliyotazama ukuta wa duka. Mbele ukuta, nyuma Honda, kurudi haiwezekani. Ikabidi kuifungua Honda kutoka kwenye basi pale pale, na kwa kuwa tulikuwa tumesimama tumepinda, pini za kile chuma zikakaza hazitoki, mi ndani ya Honda nazungusha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, shemeji anagonga na nyundo, foleni ya watu nyuma wanatutazama, mzee mmoja mwenye kofia akatuelekeza kwa mikono bila kushuka kwenye gari lake. Zilipotoka shemeji akajifuta jasho akasema, "Trela ningeshaondoka." Ni kweli angeshaondoka. Kuanzia hapo kila kituo mi nilitangulia kushuka kutazama njia ya kutokea kabla hajaingia.

Kule Oklahoma kwenye vilima vya Arbuckle nilikuwa macho kwenye kamera ya nyuma muda wote, Honda imetulia kabisa. Dallas tukaifungua ndani ya dakika chache, na wiki nzima ya harusi hiyo Honda ndiyo iliyobeba barafu, wazee, maua na bibi harusi mwenyewe siku ya saluni, maana limuzini ilikodiwa kwa siku ya harusi tu.

Motahomu shemeji aliiuza baadaye, bei ya petroli ilimshinda. Vyuma viwili vinavyochungulia chini ya bampa bado vipo kwenye Honda, watu wananiuliza ni vya nini, shemeji akiwepo anawahi kujibu yeye, na anavyosimulia siku hizi wazo lilikuwa lake.