Saa Yenye Akili Zake

Wakati ule nilikuwa nimeshikilia kwamba mishale ya saa ni uvivu wa wabunifu. Uso wa duara, namba 12, vijiti viwili vinazunguka, na kila anayejisifu kuchora saa mpya amebadilisha rangi ya mkanda tu. Ukutani, juu ya meza yangu ya kazi, nilibandika picha za waliothubutu. Kulikuwa na uso wa saa mweusi mtupu uliobuniwa na Nathan George Horwitt, wa mwaka 1947, wenye kitone kimoja tu mahali pa 12 (mishale aliibakiza, nikamsamehe). Kulikuwa na Pulsar ya kampuni ya Hamilton ya mwaka 1972, saa ya mkono ya kwanza kuuzwa ikionyesha wakati kwa namba za taa. Lakini niliyoipenda zaidi ilikuwa saa ya usiku ya ndugu wa familia ya Campani, waliyomtengenezea Papa Alexander VII katika karne ya 17. Namba ya saa inasafiri juu ya upinde, taa inawaka nyuma yake, na pale namba ilipofika kwenye upinde ndipo penye dakika. Mshale hakuna.

Nilikuwa nimeshajaribu saa ya taa. Taa nne za saa, sita za dakika, kila taa ina thamani mara mbili ya iliyotangulia, na msomaji anajumlisha zinazowaka. Watu walicheka, wakajumlisha, kisha hawakuitazama tena. Ilikuwa kitendawili, na kitendawili kikishateguliwa hakina la zaidi. Halafu taa zinakula betri, kwa hiyo lazima zizimike mpaka mtu abonyeze kitufe. Pulsar nayo ilikuwa hivyohivyo. Mtu akiwa amebeba mzigo kwa mkono wa pili, hana saa. Saa inayotaka mikono miwili sioni kwa nini iitwe ya mkono.

Ndipo nikaja na wazo la visahani viwili. Mashine ya kawaida ya kwatzi, ile ya saa za betri, ina mhimili wa saa na mhimili wa dakika, mmoja ndani ya mwingine, na wa dakika ndio unaochomoza juu. Kisahani cha dakika basi lazima kikae juu, na cha saa, ili kionekane, sharti kiwe kipana kuliko kilichokifunika. Hapo mazoea yanapinduka, kwa maana saa zinasomwa kwenye ukingo wa nje, dakika zinasomwa ndani. Kisahani cha chini nilikipaka rangi ya chungwa, nikatia alama moja nyeupe ukingoni. Cha juu kilikuwa cheusi, na upande wake mmoja nikakata tundu la umbo la hilali ili rangi ya chini ichungulie. Tumbo la hilali likielekea wapi, dakika ziko hapo. Namba sikuweka.

Visahani nilivikata kwenye bati jembamba la shaba. Shaba inakubali msumeno mwembamba bila kupasuka, na ukiipitishia tupa ukingo wake unatoka laini kabisa. Ile hilali niliifanya taratibu, tupa kidogo, napuliza vumbi, natazama kwa lenzi, tupa tena, mpaka ncha zake mbili zikawa kali sawasawa. Sijui kazi nyingine yenye utulivu kama huo.

Niliyempa avae alikuwa dada yangu mkubwa. Ni mtu asiyejali mapambo, na anapotazama saa anataka jibu. Mwanzoni aliisoma kinyumenyume, akadhani alama ya nje ni dakika, maana macho yetu yamezoea kwamba kilicho mbali na kitovu ndicho dakika. Hilo nililitarajia, naye akalizoea upesi. Lawama aliyoniletea baadaye ilikuwa nyingine kabisa.

"Saa yako ina akili zake," alisema, hata hajakaa.

"Inachelewa?"

"Inachelewa, halafu inawahi, halafu iko sawa. Yote hayo kabla sijatoka kitandani."

"Dada, mashine ya kwatzi haiwezi kufanya hivyo."

"Basi, mdogo wangu, niambie hii yako ni mashine ya nini."

Nilikuwa na sababu ya kubisha. Ndani ya mashine ile kuna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi inaigawa idadi hiyo kwa mbili, mara 15 mfululizo, hadi libaki pigo moja kwa sekunde, na pigo hilo ndilo linalosukuma magurudumu. Saa ya namna hiyo ikikosea, hujikusanyia kosa polepole, sekunde kwa sekunde, siku baada ya siku. Haiendi mbele na nyuma ndani ya saa moja.

Nikamuuliza usiku anaiweka wapi.

"Naitundika kwenye msumari."

"Na ukiilaza mezani?"

Akafikiri kidogo. "Mezani ina adabu."

Kwa jibu hilo nikajua usiku ule sitalala mapema. Nikapigilia msumari kwenye ubao mbele yangu, nikaitundika saa kama alivyoitundika yeye, 12 ikiwa juu, na simu kando yake. Ilipofika na robo, hilali ilikuwa imebaki nyuma kwa zaidi ya nusu dakika. Ilipovuka nusu, kisahani kilijisogeza chenyewe mbele, mruko mdogo ambao jicho lisingeunasa kama halikuwa likiusubiri. Kasorobo ikakikuta kimewahi kwa kiasi kilekile kilichokuwa kimechelewa. Nikailaza chali, nikangoja mzunguko mwingine mzima. Sawa kila robo.

Kumbe mkosaji alikuwa ile hilali. Tundu lilikuwa limeondoa shaba upande mmoja, na upande wa pili ukabaki mzito. Sasa, meno ya magurudumu ya saa hayabanani kabisa. Huachiwa upenyo kidogo, la sivyo yangekwama, na katika mashine za bei nafuu upenyo huo si haba. Ndani ya upenyo huo kisahani kiko huru. Upande mzito unapopanda, unakirudisha nyuma, na ukishavuka kilele unaanguka mbele kabla magurudumu hayajausukuma. Saa ikilala chali, uvutano wa dunia hauna upande wa kuegemea. Na mkononi, kwa kuwa mkono hugeuka kila upande, kosa nalo linahamahama kufuata mkono. Dada yangu hakutia chumvi hata chembe.

Nikatoa saa kadhaa za kawaida kwenye droo, nikazitazama kwa lenzi kwa macho mengine. Mshale wa sekunde, karibu katika zote, una mkia mfupi unaovuka kitovu na kutokeza upande wa pili, mara nyingi mnene kuliko mshale wenyewe. Mkia huo ni uzito wa kusawazisha. Mishale ya dakika mingi haina mkia kwa sababu ni myembamba na myepesi kiasi kwamba magurudumu hayaihisi. Niliudhika kidogo, nakiri. Haipendezi kugundua kwamba unayemdharau ana hoja.

Lakini hilali sikuiacha. Nilikigeuza kisahani, nikaanza kukichimba kwa nyuma, upande ule mzito, bila kukitoboa. Kwa kuwa sikutoboa, ilibidi eneo la kuchimba liwe pana kuliko hilali yenyewe. Kila baada ya kuchimba kidogo nilikivisha kwenye sindano iliyolazwa, nikakizungusha kwa kidole na kukiacha. Kisahani kisicho na usawa hutikisika na kurudi, upande mzito chini. Niliendelea kukwangua hadi kikawa kinasimama popote kinapoachwa. Nikakirudisha ndani, nikaitundika saa, na robo zote zikapita bila mruko.

Dada yangu aliivaa, akaitundika, akaja kutoa hukumu.

"Imetulia. Sasa nitilie na sekunde."

Nikamweleza kwamba gurudumu la dakika huzunguka polepole mara 60 kuliko la sekunde, na kwa hiyo hupokea nguvu mara 60 hivi zaidi, kabla ya kutoa inayopotea kwenye msuguano. Kisahani cha shaba kwenye mhimili wa sekunde hakitakwenda. Pigo litakuja, kitatikisika, kitabaki palepale.

"Basi weka mshale."

Hapo nilikataa. Tukakubaliana kisahani cha plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, chenye kitone kimoja cha rangi, na hata hicho ilinibidi nikipunguze upana mara kadhaa kabla mashine haijakikubali. Mpaka leo analalamika kwamba kitone ni kidogo mno.