Bangkok: wapi ushuke, wapi udandie

Kosa la kwanza la mgeni Bangkok ni kupanda teksi saa kumi na moja jioni. Barabara ya Sukhumvit saa hiyo haiendi, na mita haipumziki hata gari likisimama, kwa sababu inahesabu pia muda wa foleni. Mji huu unazungukika vizuri kwa kuchanganya vyombo, ila kwenye kubadilisha chombo ndiko wageni wanakopotezea muda na hela.

Ukitua Suvarnabhumi, teremka hadi chini kabisa ya jengo, ilipo treni ya uwanja wa ndege. Inafika mjini kwa nusu saa hivi, na nauli ya juu kabisa ni baht 45, hela ya Thailand. Anayefuata nguo za jumla Pratunam ashuke Ratchaprarop, kituo kimoja kabla ya mwisho, amalizie kwa miguu. Anayetaka treni ya chini ya ardhi, MRT, ashuke Makkasan na kuvuka kwa miguu hadi kituo cha Phetchaburi. Anayekwenda mitaa ya Siam na Silom aende mpaka mwisho, Phaya Thai, akapande BTS, treni ya juu ya nguzo iliyoanza mwaka 1999.

BTS na MRT ni watu wawili tofauti. Kadi ya Rabbit inayofungua mageti ya BTS haifungui ya MRT ya chini ya ardhi. Kule MRT unaweza kugusisha getini kadi ya benki ya Visa au Mastercard, au ununue kidude cheusi cha plastiki, cha mviringo kama kifungo: unakigusisha unapoingia, unakitumbukiza kwenye tundu unapotoka, kwa hiyo usikipoteze njiani. Kinachochanganya zaidi ni majina. Mahali ambapo BTS wanapaita Asok, MRT wanapaita Sukhumvit. Sala Daeng na Si Lom ni hivyo hivyo. Unatoka geti moja, unatembea kidogo, unalipa upya. Na ukiona watu wote kituoni wamesimama wima saa mbili asubuhi au saa kumi na mbili jioni, ni wimbo wa taifa. Simama nawe.

Kwangu chombo bora cha mji huu ni boti ya mfereji wa Saen Saep, pamoja na harufu yake. Mfereji unakata katikati ya jiji, nyuma ya maduka makubwa, na hauna taa za barabarani. Boti ni ndefu, ina mashine yenye kelele, na gatini inakaa sekunde chache tu. Shika kamba ya pembeni, kanyaga ukingo, ingia bila kusitasita. Mwenye sanduku la magurudumu atafute usafiri mwingine. Ukikaa ukingoni, pazia la plastiki ni jukumu lako: vuta kamba lipande boti nyingine inapopishana nanyi, la sivyo maji yale machafu yatawaloesha benchi zima. Konda anatembea nje ya boti, juu ya ukingo, kavaa helmeti kwa sababu ya madaraja mafupi. Mtajie gati unaloshukia, mpe noti ndogo, tunza tiketi. Pratunam wote mnashuka na kubadilisha boti, kisha safari inaishia Panfa Leelard, karibu na hekalu la Mlima wa Dhahabu. Usiitegemee usiku.

Boti za mto Chao Phraya ni tulivu zaidi. Shuka BTS Saphan Taksin, ngazi zinakuteremsha hadi gati la Sathorn. Wauza tiketi watakuelekeza kwenye boti ya watalii yenye bendera ya bluu, ambayo ni ghali. Tafuta bendera ya chungwa: baht 16, karibu au mbali. Kutoka gati la Tha Tien kuna kivuko kidogo cha kwenda ng'ambo, kwenye hekalu la Wat Arun.

Vichochoro vinavyotoka barabara kuu huitwa soi, na vingine vina urefu wa zaidi ya kilomita. Hapo ndipo kazi ya bodaboda. Wanakaa mdomoni mwa soi, wamevaa vizibao vya chungwa vyenye namba, na vijiwe vingi vina ubao wa nauli. Maandishi ni ya Kithai lakini tarakimu unazisoma. Pandia kushoto, maana bomba la moshi liko kulia na linaunguza shavu la mguu. Magoti yabane. Wanapenya kati ya magari bila huruma.

Tuk-tuk ni ndugu wa bajaji, haina mita, na bei mnapatana kabla. Anayekuambia ikulu ya zamani leo imefungwa, lakini atakuzungusha mji kwa baht 20, anakupeleka kwa fundi suti na kwa wauza vito, ambako yeye hupewa kuponi ya mafuta. Mtu wa nchi yenye Mirerani hana sababu ya kununua jiwe namna hiyo.

Treni hulala karibu saa sita usiku. Hapo ndipo teksi inapostahili hela yake: tafuta yenye taa nyekundu kiooni, ambayo ndiyo iko tupu, hakikisha mita inaanzia baht 35, na akikataa mita, mwache aende, nyingine iko nyuma yake. Ada ya barabara ya juu ni yako. Sukhumvit saa hizo inapitika.